Kabla Hujapokea Funguo za Duka

Nafasi nyingi za kuuza duka, iwe Kariakoo au Mwanjelwa kule Mbeya, hazitangazwi gazetini. Tajiri humuuliza mama anayemletea chai, au kijana anayemuuzia tayari, kama anamjua mtu mwaminifu. Waambie watu, basi, kwamba unatafuta kazi. Ukiamua kupita duka kwa duka, pita asubuhi, wateja hawajajaa.

Beba kitambulisho cha NIDA, au namba yake kama kadi haijatoka, na barua ya serikali ya mtaa. Utaulizwa mdhamini, zungumza naye mapema, maana ndiye atakayesumbuliwa pakitokea hasara. Unaweza kujaribiwa palepale: mteja kachukua vitu vya 7,300, katoa noti ya 10,000, chenji ngapi? Usikimbilie kujibu.

Tunalolisisitiza kuliko yote ni shoti, yaani upungufu wa mzigo au fedha. Muuzaji mpya hukabidhiwa funguo na mzigo haujahesabiwa. Mwezi ukiisha, anaambiwa kuna shoti, na mshahara wote unaishia hapo. Atajitetea vipi, wakati hajui duka lilikuwa na nini alipoingia? Hesabuni mzigo pamoja na mwenye duka, muandike daftarini, msaini wote wawili, kisha upige picha ukurasa huo kwa simu yako. Akikuona mjuaji, mweleze kwa adabu kuwa hesabu hiyo inamlinda na yeye. Kila jioni fungeni hesabu: fedha taslimu mbali, za lipa namba mbali.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu ukatwe kiholela. Hasara iwe imetokana na kosa lako, uelezwe kwa maandishi ni kiasi gani na kimepatikanaje, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sheria hiyohiyo inataka uandikiwe kazi yako, saa zake na malipo yake tangu unapoanza, hata kama duka ni la mlango mmoja. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki.

Mkishindwa kuelewana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kufungua mgogoro. Kwa madai mengine, kama makato, siku 60. Nenda na ile picha ya daftari.