Kubadili Podi bila Kubadili Anwani

Mfikirieni mnunuzi wa samaki ashukaye pwani yetu Olumbi. Hana haja ya kujua ni madau gani yamerudi. Humwendea dalali, naye humpeleka penye samaki. Madau hubadilika kila siku, dalali ni yule yule.

Ndivyo ilivyo katika Kubernetes, programu ya kuongoza makontena kwenye seva nyingi, iliyotangazwa na Google mwaka 2014. (Jina ni la Kiyunani, maana yake mshika usukani.) Makontena hukaa ndani ya podi, na podi hufa na kuzaliwa, kila moja na anwani mpya. Dalali wao huitwa Huduma: anwani yake haibadiliki, nayo hupeleka maombi kwa podi zenye lebo iliyoagizwa.

Basi tukitaka kuhamia toleo jipya hatuigusi anwani. Twabadili lebo tu, kutoka “zamani” kuwa “mpya”. Lakini ukikosea herufi moja, Kubernetes haikukemei. Huipokea amri kwa adabu, Huduma ikabaki bila podi hata moja, na mwanafunzi atafutaye matokeo yake ya mtihani hapati kitu.

Kwa hiyo mimi hungoja kwanza podi mpya ziwe tayari. Nikishabadili, hutazama orodha ya anwani zilizo nyuma ya Huduma. Ikiwa tupu, hurudisha lebo ya zamani mara moja, ndiyo maana podi za zamani hazifai kufutwa siku ile ile. Orodha ikiwa imejaa na bado watu hawafiki, tazameni namba ya mlango wa podi: pengine Huduma yabisha 80, na programu yasikiliza 8080.