Usisaini maelezo ya polisi ambayo hukuyasoma

Mimi ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu, si wakili. Lakini kila mwaka vijana niliowafundisha, au wazazi wao, hunijia na kesi ambazo zimekwishaharibika. Kijana kakamatwa usiku, kahojiwa, kapewa karatasi, katia dole gumba, na asubuhi ndugu wanahaha kutafuta wakili. Wakili akifika anakuta kazi kubwa ya upande wa mashtaka imekwishafanywa na mshtakiwa mwenyewe.

Wapo ndugu zetu wanaodhani kuwa asiye na kosa hana haja ya kujitetea, amwachie Mwenyezi Mungu tu. Hao warejee Suratu Yusuf. Alipozuliwa na mke wa bwana wake, Nabii Yusuf (a.s.) hakunyamaza, alisema wazi kuwa mwanamke ndiye aliyemtaka, na shahidi akaelekeza kanzu iangaliwe imechanwa mbele au nyuma. Baadaye mfalme alipomwita atoke gerezani, alikataa kutoka mpaka suala la wale wanawake waliojikata mikono lichunguzwe kwanza.

Sasa tuje kwenye sheria za Tanzania. Katiba ya 1977, ibara ya 13(6), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ametenda kosa. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayeshtaki. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kuwa mtu hatiwi hatiani kwa udhaifu wa utetezi wake bali kwa uzito wa ushahidi ulioletwa dhidi yake.

Tatizo ni kwamba ushahidi huo mara nyingi hutoka kinywani mwake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamtaka askari, kabla ya kukuhoji, ajitambulishe kwa jina na cheo, na akuonye kuwa hulazimiki kujibu swali lolote zaidi ya jina na anwani yako, na kwamba utakayosema yaweza kutumika kama ushahidi. Unayo pia haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa mahojiano ni masaa 4 tangu uwekwe chini ya ulinzi, na ukiongezwa lazima uongezwe kwa utaratibu wa sheria. Kumbuka basi ulikamatwa wakati gani. Si jambo dogo hilo, maana yapo maelezo ambayo Mahakama ya Rufani imeyatupa kwa sababu yalichukuliwa nje ya muda.

Ukipewa karatasi, isome. Asiyejua kusoma asomewe, na kama kuna neno hakulisema adai lirekebishwe kabla ya kutia saini. Kijana mmoja niliyemfundisha alisaini kurasa tatu bila kusoma kwa kuwa aliahidiwa kuwa akisaini atakwenda nyumbani. Alikwenda rumande.

Kama ulipigwa au kutishwa, pinga pale pale mwendesha mashtaka anapoomba maelezo hayo yapokelewe kama kielelezo. Hapo hakimu hana budi asimamishe kesi ya msingi na kuchunguza kwanza kama ulisema kwa hiari yako. Ukingoja mpaka zamu ya utetezi, itaonekana ni hoja uliyoibuni baadaye.

Kuhusu dhamana nitasema machache. Bondi ya polisi hailipiwi, na anayedai fedha anadai rushwa. Lakini kwa makosa kama mauaji, uhaini na ugaidi sheria imefunga mlango wa dhamana.

Siku ya kwanza mahakamani utasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Watu wetu wengi hujibu "ni kweli" kwa woga, au kwa kutaka yaishe. Ukikiri kikamilifu, kwa kawaida rufaa yako itabakia kwenye ukubwa wa adhabu tu. Lakini aliyejibu "ni kweli nilimpiga, ila alinivamia kwa panga" hajakiri kosa. Huyo ametaja utetezi wa kujihami, na hakimu anapaswa kuandika kuwa amekana.

Kama siku ya tukio ulikuwa kwingine, tuseme msibani Tanga wakati unatuhumiwa kuiba Kariakoo, toa taarifa ya utetezi huo kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au kwa uchache kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Ukiuibua mwishoni, hakimu anaruhusiwa asiupe uzito. Shahidi naye akisema uongo, muulize maswali hapo hapo, kwani usilomuuliza huhesabiwa kuwa umelikubali. Ukionekana una kesi ya kujibu, unaweza kutoa ushahidi na kuita mashahidi. Kunyamaza pia kunaruhusiwa, ila hapa mahakama inaweza kuuchukulia ukimya huo dhidi yako.

Ukitiwa hatiani na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi katika hizo 45. Aliye gerezani huzipitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza.