Baiolojia ya Kidato cha Kwanza: Panga Mwaka kwa Kalenda ya Mvua

Mwalimu wa baiolojia ana bahati ambayo mwenzake wa hesabu hana: nusu ya zana zake za kufundishia zinaota, zinaruka na kutambaa nje ya dirisha la darasa. Hata hivyo, kila Januari maazimio ya kazi mengi hunakiliwa kutoka ya mwaka uliopita, zikabadilishwa tarehe tu, na chura akaja kufundishwa Agosti wakati madimbwi yote yamekauka. Vidokezo hivi ni vya mwalimu aliyekaa mezani na karatasi tupu, shule hazijafunguliwa, na wanafunzi 60 wa kidato cha kwanza wako njiani.

1. Hakikisha muhtasari ulio nao ndio unaotumika

Mtaala mpya ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, na bado kuna kabati za ofisi za walimu zilizojaa nakala za zamani. Tazama jalada, tazama mwaka, na kama una shaka tafuta nakala ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kisha usome wote hadi ukurasa wa mwisho, pamoja na mada za kidato cha pili. Huwezi kupanga safari bila kujua unakoelekea, na wanafunzi hawa watakutana na upimaji wa kitaifa wakiwa kidato cha pili.

2. Andika mvua kwanza, mada baadaye

Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote. Chukua karatasi, chora miezi 12, na kabla hujaandika mada hata moja, andika mvua za eneo lako. Pwani na kaskazini kuna masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Songea, Mbeya au Tabora kuna msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei. Chini ya mvua andika viumbe wanaokuja nayo: kumbikumbi, majongoo, konokono, uyoga, viluwiluwi vya mbu na vya vyura, nyasi changa zenye mizizi inayong'oka bila kukatika. Chini ya kiangazi andika yasiyotegemea mvua: usalama wa maabara, seli, vipimo vya chakula.

Sasa ndipo uweke mada. Zipo utakazoweza kuzisogeza kwa makubaliano na mkuu wa idara, na zipo zitakazobaki pale muhtasari ulipoziweka. Kwa hizo za pili, sogeza sampuli badala ya mada. Kumbikumbi wa Aprili wakihifadhiwa kwenye spiriti watakusubiri hadi Septemba. Uyoga uliokaushwa juani nao unasubiri. Mkrismasi unaochanua mwishoni mwa mwaka una ua kubwa ambalo mwanafunzi anaweza kulifungua kwa vidole na kuhesabu petali 5 na stameni 10 bila lenzi yoyote. Ukishajua mti huo uko wapi na unachanua lini, kipindi cha sehemu za ua kimeshajipanga chenyewe.

Na mbu. Chukua maji yenye viluwiluwi wakati wa masika, yatie kwenye chupa pana, ifunike kwa kipande cha chandarua na uifunge kwa mpira. Katika wiki 1 hadi 2 darasa litaona kiluwiluwi, buu na mbu mzima. Waulize: kiluwiluwi amelala sambamba na uso wa maji, au ananing'inia kwa pembe? Aliyelala sambamba ni wa Anofelesi, jamii inayoeneza malaria. Anayening'inia huenda ni wa Kuleksi. Mwanafunzi aliyeona tofauti hiyo kwa macho yake hufika nyumbani akaanza kuchungulia mapipa ya maji. Chandarua kisitoke mdomoni mwa chupa, na mwisho wa somo mbu wote wauawe.

3. Hesabu vipindi vilivyopo kweli

Ratiba inasema kipindi ni dakika 40. Toa wiki za mitihani, sikukuu, mashindano ya UMISSETA, siku za kikao na siku ambayo mvua imezuia nusu ya darasa kufika. Kinachobaki ndicho mwaka wako. Gawa mada kwa hesabu hiyo, na uache wazi angalau kipindi kimoja katika kila kumi. Kitajaa, usihofu.

4. Wiki za mwanzo ziwe za macho na lugha

Wanafunzi wengi wametoka shule za msingi za serikali, ambako sayansi waliisoma kwa Kiswahili. Januari wanakutana na kitabu kizima cha Kiingereza chenye maneno ya Kilatini na Kigiriki ndani yake. Wakipoteana hapo, kumrudisha kila mmoja ni kazi ya miaka. Kwa hiyo wiki za kwanza usikimbie. Watoe nje, kila wawili wachague kitu kimoja kilicho hai na kimoja kisicho hai, wavitazame kwa dakika 10 na kuandika kila wanachokiona. Wajadiliane kwa Kiswahili, wabishane kwa Kiswahili, kisha muweke pamoja majina ya Kiingereza kwenye mchoro ambao tayari wanauelewa. Maneno mapya yasizidi 6 kwa kipindi, yaandikwe pembeni mwa ubao na yabaki hapo wiki nzima.

5. Kama hadubini ni moja, panga foleni mapema

Fanya hesabu hii kabla ya kuingia maabara: wanafunzi 60, kila mmoja dakika 1 kwenye lenzi, ni dakika 60. Kipindi kina 40. Ukiwaingiza wote kwa pamoja, wa mwisho wataambiwa tu kwamba seli zipo. Wagawe makundi na uweke vituo vinne: cha kwanza hadubini, cha pili kuandaa slaidi ya ngozi nyembamba ya kitunguu kwa tone la iodini, cha tatu kuchora, cha nne lenzi ya mkono na majani. Mzunguko uchukue vipindi viwili, na hadubini ibaki wazi saa ya chakula cha mchana kwa wiki hiyo yote, ikiwa na mwanafunzi mmoja aliyefundishwa kuilinda.

Waeleze pia kwamba mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha gome la kizibo kwa hadubini yake, akaona vijumba vitupu na kuvipa jina la seli. Alichokiona ni kuta za seli zilizokwisha kufa. Kitunguu chao, kilichovunwa juzi, kinawaonyesha kiini na saitoplazimu, zaidi ya alichokiona Hooke siku ile. Nyuso za watoto wa miaka 14 wakilisikia hilo zinatosha kumpa mwalimu nguvu ya wiki nzima.

Hakuna hadubini kabisa? Tone dogo la maji safi juu ya lenzi ya kamera ya simu yako, simu ikishikwa chini-juu, hukuza vya kutosha kuonyesha mishipa ya jani na miguu ya mdudu chawa. Seli hazitaonekana vizuri, lakini safari ya kutazama imeanza.

6. Jaribio la Jumatano linaanza Jumatatu

Majaribio mengi ya baiolojia hushindikana kwa sababu viumbe hawakupewa muda. Maharage yanataka siku 3 hadi 5 kuota kwenye pamba yenye unyevu. Ukiyaloweka asubuhi ya kipindi hutakuwa na cha kuonyesha. Kipande cha papai bichi kwenye maji ya chumvi kinahitaji saa nzima au zaidi kulegea. Na jaribio la wanga kwenye jani linahitaji sehemu ya jani ifunikwe kwa karatasi isiyopitisha mwanga siku mbili kabla, na jua lipige vizuri siku yenyewe.

Chagua jani laini. La mwembe ni gumu na lina nta, litakusumbua. La maharage au la matembele litakubali. Lichemshe kwenye maji, kisha litoe rangi ya kijani kwa spiriti iliyo ndani ya chombo kilichozamishwa kwenye maji ya moto, moto ukiwa umezimwa kabisa. Spiriti hudaka moto kwa mvuke wake, na darasa limejaa nywele, mashati na daftari. Suuza jani, dondoshea iodini: palipopata mwanga patageuka bluu iliyoiva hadi nyeusi, palipofunikwa patabaki na rangi ya hudhurungi ya iodini. Iodini ya duka la dawa inafaa, na chupa moja ndogo hutosha mikondo kadhaa.

Kwenye azimio lako ongeza safu moja: «maandalizi yaanze lini». Mtunza maabara, kama shule inaye, apewe nakala.

7. Beba mifano ya nchi hii

Vitabu vingi bado vina dubu wa barafuni. Wewe una chura wa Kihansi. Watanzania wengi wamemsikia, hata bungeni ametajwa, lakini ni wachache wanaojua anavyofaa kufundishia karibu mada zote. Anaishi kwenye korongo moja tu duniani, chini ya milima ya Udzungwa, hafikii urefu wa sentimita 3, na badala ya kutaga mayai majini kama vyura wengi, huzaa watoto waliokamilika. Maji mengi ya maporomoko yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, rasharasha zilizokuwa zikilowanisha makazi yake zikapungua. Baadaye ukagunduliwa pia ugonjwa wa kuvu. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, walikokuwa wamezalishwa, na mwaka 2012 vizazi vyao vikarudishwa korongoni. Humo mna uainishaji, makazi, kuvu na uhifadhi. Tenga vipindi viwili, uache darasa libishane: umeme au chura? Usiwape jibu mapema, maana ubishi wenyewe utawafanya watafute ushahidi.

Kwa kinga na magonjwa, tumia sikoseli. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye vinasaba vya sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kwa mimea, lipo ua dogo la zambarau lililoanzia milima ya Usambara na sasa linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani.

8. Mada ya afya ipangwe kwa uangalifu kuliko zote

Ndani ya darasa la 60 kuna uwezekano mkubwa wa kuwepo mtoto anayemeza dawa za VVU kila siku, na mwingine mwenye sikoseli. Yupo pia aliyempoteza mzazi. Usizungumze juu ya wagonjwa kana kwamba wako mahali pengine. Ongea na muuguzi wa zahanati ya jirani wiki tatu kabla, aje kwa kipindi kimoja. Weka sanduku la maswali yasiyo na majina. Yasomeni kwanza wewe na muuguzi. Somo la balehe na hedhi wasome wavulana na wasichana pamoja, kisha wasichana wapate nusu saa na mwalimu wa kike au matroni. Mvulana aliyefundishwa hedhi kama fiziolojia ya kawaida hana sababu ya kumcheka dada yake.

9. Mchoro mmoja kila wiki

Penseli kali, mstari mmoja usiokatika, hakuna kutia kivuli, mistari ya majina inyooshwe kwa rula, kichwa cha mchoro kiwepo. Sahihisha kwa haraka, alama 5 tu. Mtihani wa vitendo wa kidato cha nne utawakuta mkono umeshazoea.

10. Desemba, kabla ya kufunga shule

Safu ya «maoni» kwenye azimio la kazi huachwa tupu au hujazwa «imefundishwa». Jaza ukweli: masika yalianza wiki gani, kumbikumbi walitoka lini, mkrismasi ulichanua tarehe ngapi, jani gani lilikubali iodini na lipi lilikataa. Futa lenzi za hadubini kwa kitambaa laini kikavu, ifunike, uiweke kabati la juu lisilo na unyevu ili kuvu isiote kwenye kioo. Panda maharage mawili matatu kando ya maabara, na mwombe mlinzi ayamwagilie likizo nzima, ili Januari majani yawe tayari.