Faksi imegoma na mnunuzi anasubiri: namna ya kukagua kompyuta ya zamani ya kikundi



Leo tuweke jembe pembeni kidogo tuzungumzie karatasi. Mzigo unaweza kuwa tayari, korosho zimebanguliwa vizuri au mchele umefungashwa, halafu mnunuzi akasema: "Nitumieni makubaliano yenye saini na muhuri kwa faksi kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo nachukua kwingine." Siku hizi wengi wanapokea baruapepe, lakini zipo ofisi na kampuni ambazo bado zinang'ang'ania faksi. Na vikundi vingi vina kompyuta ya zamani ya Windows XP au Windows 7 iliyokaa kona ya ofisi. Mnaiwasha, mnabonyeza kutuma, inagoma.

Jambo la kushika ni hili: faksi inapita kwenye waya wa simu, haipiti kwenye intaneti. Kwa hiyo ukaguzi unaanzia ukutani, siyo kwenye skrini. Wengi wanapoteza siku nzima kuhangaika na programu wakati tatizo ni waya.

Hatua ya 1: Je, hapo ulipo kuna simu ya waya?

Faksi ya kompyuta inataka laini ya simu ya mezani inayoingia kwa waya. Kama uko Mbwera, Salale au Kiongoroni na ofisi yenu haina waya wa simu, usiumize kichwa. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho ya somo hili.

Hapa kuna mtego mmoja. Ile modemu ndogo ya USB unayoweka laini ya simu ya mkononi ni ya intaneti. Kompyuta inaweza kuionyesha kwenye orodha ya modemu, ukadhani umemaliza. Faksi haitatoka humo. Router ya bando nayo ni hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Sikiliza mlio

Chomoa waya wa simu kwenye kompyuta, uchomeke kwenye simu ya kawaida ya mezani, inua mkono wa simu usikilize. Ukisikia mlio mmoja mrefu na safi, laini ni nzima. Ukisikia kimya, tatizo ni la laini, wapigie wanaokupa huduma. Ukisikia mikwaruzo, angalia maungio ya waya. Huku kwetu pwani unyevu na chumvi vinakula shaba, na faksi haivumilii mikwaruzo kama sikio la mtu linavyovumilia.

Kama laini hiyo hiyo inaleta na intaneti ya waya wa shaba, lazima kuwe na kichujio kati ya ukuta na modemu ya faksi. Bila kichujio, intaneti inaingilia sauti.

Hatua ya 3: Tundu sahihi

Nyuma ya kompyuta kuna matundu yanayofanana. Lile pana ni la waya wa mtandao. La simu ni jembamba zaidi. Ukikuta matundu mawili membamba, moja limeandikwa LINE na lingine PHONE, waya wa ukutani unaingia LINE. Ukiuweka PHONE, kompyuta italalamika kwamba haisikii mlio hata kama laini ni nzima.

Kama hakuna kabisa tundu jembamba, kompyuta yako haina modemu ya simu. Kompyuta nyingi zilikuja bila hiyo. Utahitaji modemu ya faksi ya kuchomeka USB, yenye tundu la waya wa simu.

Hatua ya 4: Iulize modemu kama inajua faksi

Siyo kila modemu inatuma faksi. Fungua Control Panel, ingia Phone and Modem (kwenye XP ni Phone and Modem Options), chagua modemu yako, nenda Properties, kisha Diagnostics, bonyeza Query Modem. Italeta orodha ya majibu. Tafuta mstari wenye maneno AT+FCLASS. Ukiona jibu lina 1 au 2, inajua faksi. Ukiona 0 peke yake, hiyo ni ya data tu. Ikikosa kujibu kabisa, huenda draiva yake haijawekwa au imeharibika.

Kwenye Windows 7 sasa fungua programu ya Windows Fax and Scan, chagua Fax, kisha New Fax. Mara ya kwanza itakuuliza uunganishe modemu. Kwenye XP huduma ya faksi mara nyingi haijawekwa. Unaiongeza kupitia Add or Remove Programs, sehemu ya vipengele vya Windows, na inaweza kudai CD ya Windows.

Hatua ya 5: Andika namba kama unavyoipiga kwa mkono

Sasa hapa ndipo wengi wanakwama. Kwenye sehemu ya Dialing rule acha None, halafu andika namba yote kama ungeipiga kwenye simu ya mezani. Dar es Salaam inaanza na 022, Pwani 023. Nje ya nchi anza na 000, siyo alama ya kujumlisha, kisha namba ya nchi. Kwa mfano Oman ni 000968 na kuendelea. Kama laini yenu inapitia switchibodi na lazima ubonyeze 9 kwanza, andika 9 na mkato, halafu namba. Mkato unaifanya modemu isubiri kidogo.

Ujumbe wa kosa unasema nini?

Hakuna mlio (No dial tone): rudi hatua ya 2 na ya 3.

Hakuna anayejibu: ipigie namba hiyo kwa simu ya kawaida. Ukisikia mluzi mkali, ni faksi kweli. Akipokea mtu, mwombe awashe mashine au akupe namba sahihi.

Inaanza halafu inakatika: laini ina mikwaruzo, au mtu ameinua simu nyingine ya laini hiyo hiyo, au huduma ya simu inayosubiri imeingilia. Zima huduma hiyo, waambie wenzako wasiguse simu, jaribu tena.

Imefika lakini haisomeki: chagua ubora wa juu. Faksi ya kawaida ina mistari kama 98 kwa inchi kwenda chini, ya ubora wa juu ina 196. Muhuri na tarakimu ndogo za kilo na bei zinahitaji hiyo ya pili. Sifuri moja ikipotea kwenye bei, ugomvi wake hauishi leo.

Saa moja ikipita, badili njia

Jipe saa moja tu. Usikubali oda ipotee kwa sababu ya mashine. Mpigie mnunuzi, mwombe apokee PDF kwa baruapepe. Akisita, mkumbushe kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki.

Huhitaji kompyuta kwa hili. Weka karatasi kwenye meza mahali penye mwanga wa mchana, iskani kwa simu. Programu ya Google Drive kwenye Android inaskani na kutoa PDF. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti na siyo kama picha, maana picha inabanwa na herufi zinafifia. Kwa mtu wa delta hii inakuokolea safari ya boti hadi Nyamisati, ambayo pengine ingengoja maji, na nauli ya kufika Kibiti mjini kutafuta steshenari.

Hiyo kompyuta ya zamani usiitumie kwa baruapepe wala mambo ya benki. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya usalama ya XP tarehe 8 Aprili 2014 na ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Ibaki ya faksi, kuandika barua na kuprinti.

Mwisho, iwe faksi au PDF, piga simu uhakikishe kurasa zote zimefika na zinasomeka. Andika jina la aliyepokea, tarehe na saa. Printi taarifa ya kutuma, ibandike nyuma ya nakala yenye saini, weka kwenye faili la mauzo. Mnunuzi akibadilisha bei baada ya mzigo kuondoka, hilo faili ndilo litakalowatetea.

Mkikwama, njooni ofisini na huo ujumbe wa kosa mmeuandika neno kwa neno. Msimu mwema.