Ulafi, Ubongo na Futari



Katika Surat al-A'raf, aya ya 31, Allah (S.W.) ametuamrisha kula na kunywa bila israfu. Lakini yupo ndugu anayeihifadhi aya hiyo, na bado baada ya Tarawehe hujifungia chumbani, akala chapati, mandazi na soda mpaka tumbo likamuuma, kisha akajichukia. Je, imani yake ni ndogo? Tusome kabla ya kuhukumu.

Afyuni ya mwilini

Mwaka 1973 wanasayansi walithibitisha kuwa ubongo una vipokezi vinavyonasa afyuni. Mwaka 1975 Hughes na Kosterlitz, huko Aberdeen, wakaonyesha kuwa ubongo wenyewe hutengeneza kemikali za aina hiyo. Hutuliza maumivu, na pia huchangia raha tunayoipata kwenye sukari na mafuta. Hiyo ni neema, kwani bila raha hiyo nani angehangaika kula?

Watafiti wa Uingereza waliwapa watu wanene wenye tabia ya kula kupindukia dawa inayoziba vipokezi hivyo. Vitamu havikuwafurahisha kama awali, wakapunguza vyakula vya mafuta, na umakini wao haukutekwa tena sana na picha za chakula. Maana yake, mfumo huu haugusi ulimi tu. Unagusa pia fikra. Mtu ameketi kudurusu Busitema au Alupe, lakini akili iko kwenye kibanda cha roleksi.

Ulafi au maradhi?

Kushiba sana siku ya Idi si ugonjwa. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unautambua ugonjwa huu pale mtu anapokula kupita kiasi huku akishindwa kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3.

Tufanye nini?

1. Futuru kwa tende na maji, swali Magharibi, kisha kula taratibu.
2. Usiache daku. Njaa kali huchochea kula bila kiasi.
3. Kula na wenzako. Ugonjwa huu hupenda siri.
4. Ukiona dalili, muone daktari au mshauri wa chuo. Ikiwa funga inazidisha hali, muulize daktari pamoja na sheikh; mgonjwa ana ruhusa katika dini.

Kujizuia ni ibada, na kutafuta tiba ni Sunna. Tusimcheke ndugu yetu, tumsindikize kliniki.

Wabillahi tawfiq.