Maji ya Bati Lako Yanaenda Wapi? Maswali ya Familia za Bukavu kuhusu Bustani na Dharura

Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia ukingoni mwake nyumba za Bukavu zinapanda vilima vya Ibanda, Kadutu na Bagira hadi mahali ambapo zamani palikuwa mashamba na miti. Anayeishi hapa anajua masika yanavyoanza Septemba na kuendelea mpaka Mei au katikati ya Juni. Anajua pia kwamba kila mwaka mvua hizo zinabomoa kuta, na mara nyingine zinaua watu. Maswali yafuatayo huulizwa sana kwenye avenyu zetu, hasa na wamama wanaobeba mzigo wa nyumba: chakula, maji, watoto, na usalama wa usiku.

Tukitaka kujiandaa kwa dharura, tuanzie wapi?

Wengi hudhani maandalizi ni kununua gunia la unga na betri za tochi. Hayo yanafaa, lakini si ya kwanza. Anza kwa kutoka nje siku ya mvua kubwa, ukiwa na mwavuli, uangalie maji ya bati lako yanaenda wapi. Je, yanaanguka kwenye msingi wa nyumba yako? Yanachimba nyuma ya choo? Yanamwagikia ukuta wa jirani wa chini?

Sababu iko kwenye udongo wetu mwekundu, ambao ukishiba maji unakuwa mzito na kupoteza nguvu ya kushikana. Upande wa Funu, katika Kadutu, kuna eneo kubwa la mlima linaloteremka polepole mwaka baada ya mwaka, na makumi ya maelfu ya watu wanaishi juu yake. Mwaka 2022 watafiti walichapisha uchunguzi uliofuatilia mwendo wake kwa miongo mingi, wakaonyesha kwamba ujenzi wa mji wenyewe umebadilisha mwendo huo. Mabati na barabara hukusanya maji na kuyaelekeza sehemu moja, na mabomba yanayovuja huongeza mengine. Bati moja ni jambo dogo, lakini mabati elfu yakimwaga maji ovyo yanaweza kusukuma mlima.

Kwa hiyo weka mfereji kwenye ukingo wa bati, hata wa bati lililokunjwa. Maji yaingie kwenye pipa au bidoni, na yanayozidi yafuate mtaro uliojengwa kwa mawe mpaka kwenye mfereji wa avenyu, si kwenye ua wa mtu. Bomba la shirika la maji, REGIDESO, likivuja karibu nawe, toa taarifa na ufuatilie mpaka litengenezwe, kwa maana maji yale yanaingia ardhini mchana na usiku, hata kiangazi.

Dalili gani zinasema mlima unataka kuteremka?

Ufa mpya kwenye udongo au ukutani unaopanuka. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kukwama. Miti au nguzo za umeme zinainama. Chemchemi inatokea mahali ambapo haikuwepo, au maji safi yanageuka tope ghafla. Ukiona hata mojawapo wakati wa mvua za siku kadhaa, usingoje asubuhi. Toka na watoto, waamshe majirani wa chini, mpelekee habari mkuu wa avenyu. Vyombo vitafuata baadaye.

Hatuna haja ya kutishana, lakini hatuwezi kusahau. Tarehe 4 Mei 2023 mito ilifurika Kalehe, kaskazini yetu kando ya ziwa hilihili, ikazoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Desemba ya mwaka uleule maporomoko yaliua watu hapa Bukavu kwenyewe.

Je, bustani kwenye mteremko inazuia mmomonyoko au inauongeza?

Inategemea umelima vipi. Ukilima matuta yanayoshuka kutoka juu hadi chini, umetengeneza mifereji ya kubeba udongo wako hadi ziwani. Ukilima matuta yanayokata mteremko, kila tuta linapunguza mwendo wa maji. Kwenye kingo za matuta panda majani yenye mizizi mingi, yale yanayolishwa mbuzi na sungura, uyakate mara kwa mara badala ya kuyang'oa. Usiache udongo uchi wakati Septemba inafika: funika kwa majani makavu, au panda viazi vitamu, ambavyo hutambaa na kufunika ardhi haraka, na majani yake, matembele, ni mboga.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo wengi hawapendi kusikia. Migomba mingi juu ya ukuta wa udongo si kinga. Mgomba ni mzito, umejaa maji, na mizizi yake haiendi chini sana. Mahali pa mgomba ni penye udongo tambarare. Palipo mkato mkali nyuma ya nyumba, acha majani na vichaka vyenye mizizi ya kina vishike udongo, na usichimbe chini ya mkato huo ili upate nafasi ya chumba kimoja zaidi. Familia nyingi zimeangukiwa na ukuta walioukata wenyewe. Tena, usielekeze maji ya kumwagilia mahali penye ufa. Bustani iliyo juu ya ufa ihamishwe, hata kama lenga-lenga (mchicha) imestawi vipi.

Sina parsele. Nina ua wa hatua chache tu. Nitalima wapi?

Kwenye gunia. Chukua gunia la unga lililotumika, weka katikati mkebe usio na kitako, uujaze mawe madogo, kisha zungushia udongo uliochanganywa na mbolea iliyooza. Vuta mkebe juu kidogo kidogo kadiri unavyojaza, ili libaki bomba la mawe katikati la kupitisha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, panda miche kwenye matundu na juu. Gunia moja linabeba miche 40 hivi ya lenga-lenga au shu. Liweke juani, juu ya mawe, mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo.

Lenga-lenga ndiyo rafiki wa anayeanza. Katika baridi yetu huanza kuvunwa baada ya wiki nne hadi sita, na ukikata kwa juu badala ya kung'oa, inachipua tena. Shu inachukua miezi miwili hivi lakini inadumu. Biringanya na vitunguu vya majani vinakubali vizuri. Aliye na ukuta au uzio ajaribu maharagi ya kupanda juu ya miti, ambayo yanazaa zaidi kuliko ya chini kwenye eneo lilelile. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Mulungu, kule Kabare, kimefanya kazi ya maharagi kwa miaka mingi, na mbegu nzuri huwafikia wakulima kupitia vyama vyao. Kabla ya kununua mbegu sokoni Kadutu, uliza imetoka wapi na ilivunwa lini.

Bustani hii haitalisha familia ya watu wanane bugali na mboga mwaka mzima, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Kazi yake ni mbili. Inaongeza majani mabichi kwenye sahani ya mtoto kila siku, jambo kubwa katika jimbo ambako hospitali ya watoto ya Lwiro imetibu utapiamlo kwa miongo mingi. Na siku barabara ya Kabare au ya Walungu inapofungika na bei ya mboga inapanda sokoni Nyawera, wewe una cha kukata uani.

Na kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti?

Mwagilia jioni au alfajiri. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa. Ya sabuni nyingi au ya dawa ya madoa, hapana. Tandaza majani makavu juu ya udongo, unyevu utakaa. Miche ya kupandwa Septemba usingoje Septemba uianze kitaluni, iandae mwezi wa Agosti.

Mbolea tutoe wapi?

Kwa kobayi, kama tayari unao. Hawa simbilisi wadogo wanafugwa jikoni katika nyumba nyingi za eneo letu la Bushi. Wanakula majani na maganda, wanazaa haraka, na samadi yao ni nzuri kwa gunia. Wakati wa vita ng'ombe na mbuzi waliporwa, lakini kobayi aliweza kufichwa au kubebwa kwenye kapu. Kwa hiyo ni chakula, ni ada ya shule, na ni mbolea. Samadi ikae iive wiki kadhaa kabla ya kutumika kwenye mboga.

Tuweke akiba gani ya maji na chakula?

Hesabu lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Watu wanane kwa siku tatu ni lita 120, yaani bidoni sita za lita 20. Nyumba nyingi haziwezi kujaza zote sita kwa siku moja, basi jaza moja kila bomba linapotoa maji, uifunike, na uyabadilishe maji mara kwa mara.

Chakula: unga, maharagi, chumvi, mafuta, sukari, na sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwa letu. Loweka maharagi usiku kucha kabla ya kupika, yataiva mapema na kuokoa makala. Weka pia pesa kidogo nyumbani, faranga na noti ndogo za dola zisizo na mpasuko. Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifunga, na aliyekuwa na akiba yake yote kwenye akaunti hakuweza kununua hata kilo ya unga.

Maji ya mvua yananyweka?

Baada ya kuchemshwa, ndiyo. Acha mvua ya kwanza ioshe bati kwanza. Kwa kimo chetu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, karibu na 95, lakini joto hilo linatosha kuua vidudu vya kipindupindu: yaache yatokote dakika tatu, yapoe yakiwa yamefunikwa, na yachotwe kwa chombo chenye mkono.

Mtoto akiharisha sana, mpe kinywaji hiki wakati mnaelekea kituo cha afya: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa bapa. Usizidishe chumvi. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Kuhara kunakotoka kama maji ya mchele ni safari ya haraka, hata usiku.

Tetemeko likija?

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba hapa, na kuua wengi zaidi ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Rwanda. Agosti 2015 ardhi ilitikisika tena kwa nguvu. Hakuna anayeweza kutangaza siku ya lijalo, na ujumbe wa simu unaodai hivyo usiusambaze. Ukiwa karibu kabisa na mlango wa nyumba ya matofali mabichi, toka ukae mbali na kuta na nyaya. Ukiwa ndani kabisa, jikunje kando ya kitanda au chini ya meza imara, funika kichwa, ngoja litulie. Usikimbie ngazini. Kabati zito lisisimame kando ya kitanda cha mtoto: hilo unaweza kulirekebisha leo.

Moto je?

Kwenye nyumba za mbao zilizobanana, gari la zimamoto halipiti. Kinachookoa ni ndoo ya mchanga mlangoni, njia isiyozibwa, na waya wa umeme usiounganishwa ovyo. Mafuta yakiwaka, funika kwa kifuniko, usimwagie maji. Waya ukishika moto, zima umeme kwanza.

Na mbabula, jiko la makala: baridi ya Julai inawashawishi watu kuingiza makala chumbani na kufunga dirisha. Hewa ya makala haina harufu ya kukuamsha, nayo inaua familia nzima ikiwa usingizini. Mbabula ilale nje, kila usiku, hata kama kuna mgonjwa au mzazi aliyejifungua. Kwa hao, ongeza blanketi.

Karatasi na watoto?

Kadi ya mpiga kura, vyeti vya kuzaliwa, karatasi za parsele, bulletin za shule na kadi za chanjo ziwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki, mahali ambapo hata mtoto mkubwa anaweza kuuchukua gizani. Piga picha zake pia, umtumie ndugu aliye mji mwingine. Fundisheni watoto namba moja ya simu kwa kichwa. Chagueni mahali pa kukutania kama mkitawanyika, na mpange nani anamshika bibi, nani anambeba mdogo. Mtoto akipotea wakati wa vurugu, Msalaba Mwekundu una kazi maalumu ya kutafuta familia zilizotengana.

Kabla mvua za Septemba hazijaanza, zungumza na jirani wa juu na jirani wa chini kuhusu mtaro mmoja utakaopita kwenye parsele zenu zote, kisha ombeni mkuu wa avenyu autie kwenye salongo, kazi ya pamoja, ya Jumamosi ijayo. Mtaro unaoishia mpakani mwa parsele yako unamwagia mwenzako maji, na akiporomoka yeye, nyumba yako iliyo juu yake itamfuata.