Fedha za Ruzuku, Duka la Kijijini na Mzigo wa Kariakoo

Wengi wa wanunuzi wa jumla wanaopita mitaa ya Kongo, Msimbazi na Aggrey, Kariakoo, ni wenye maduka madogo waliotoka mikoani. Hununua ndala, khanga, vyombo vya plastiki, betri na madaftari, hufungashiwa mzigo, kisha huupakia kwenye basi na kurudi nao kijijini. Somo hili linamhusu mfanyabiashara huyo na familia yake: ni nini hubadilika pale fedha ambazo si mkopo, si ujira na si mauzo zinapoingia nyumbani mwake, au nyumbani mwa wateja wake?

Ruzuku isiyo na masharti ni fedha anayopewa mtu bila kuelekezwa aitumieje na bila kutakiwa kuirejesha. Hapa nchini mfano ulio karibu zaidi ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa mwaka 2012 chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Sehemu ya ruzuku hiyo hutolewa kwa kaya bila sharti. Sehemu nyingine hutegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki. Lakini msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la serikali na mashirika peke yake. Kijana auzaye soksi Kariakoo na kumtumia mama yake fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi, naye anatoa ruzuku isiyo na masharti.

Ili kuelewa athari ya fedha hizo, yafaa tuliangalie droo la duka. Katika maduka mengi ya kijijini droo la mauzo ndilo hazina ya nyumba. Unga, ada, dawa na michango ya msiba vyote hutoka humo. Tuchukulie mfano wa mama mwenye mtaji wa shilingi 400,000, ambaye kila safari ya Kariakoo humgharimu shilingi 40,000 kwa nauli na kusafirisha mzigo. Gharama hiyo ni sawa na asilimia 10 ya mtaji wake. Mtoto akiugua, shilingi 60,000 hutoka droo. Mtaji hubaki 340,000. Akifiwa na jamaa, hutoka 90,000 nyingine, hubaki 250,000. Nauli, hata hivyo, haipungui kwa sababu mzigo umepungua. Sasa safari ileile inachukua asilimia 16 ya mtaji. Ama apandishe bei na wateja wamkimbie, ama auze bila faida. Hivyo ndivyo duka linavyokufa, na majirani husema mama yule hakujua biashara, ilhali biashara aliijua vema. Kilichomshinda ni maradhi na msiba.

Ruzuku ya shilingi 50,000 au 60,000 haiwezi kulikuza duka la namna hiyo. Kazi yake ni kulipa kile ambacho kingelipwa na droo. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo faida kubwa zaidi kwa familia ya mfanyabiashara mdogo, na ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa watu hutazamia kuona mabati mapya juu ya paa.

Ushahidi upo. Katika majaribio ya ruzuku yaliyoanza mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kaya zilizopokea fedha ziliwekeza katika mifugo midogo kama kuku na mbuzi, watoto wao walivaa viatu zaidi, na kaya hizo zilijiunga kwa wingi zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii. Jambo hilo la mwisho lina uzito wa pekee kwa mwenye duka, kwani kadi ya bima ya afya ni kufuli la droo.

Vipi ikiwa mwenye duka si mlengwa wa ruzuku, bali ni jirani wa walengwa? Jibu zuri latoka Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya. Huko shirika la GiveDirectly lilizipatia kaya maskini zaidi ya 10,000 kiasi cha dola 1,000 za Marekani kila moja, kupitia M-Pesa na bila masharti. Watafiti waliofuatilia vijiji 653 walichapisha matokeo yao mwaka 2022: mapato ya biashara za eneo hilo yaliongezeka, hata kaya ambazo hazikupokea chochote ziliongeza matumizi yao, na bei zilipanda kwa wastani wa takriban asilimia 0.1 tu. Kila dola moja iliyotolewa ilikadiriwa kuzalisha takriban dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo hilo. Kiasi cha Siaya kilikuwa kikubwa kuliko ruzuku tuliyoizoea hapa, hivyo mtu asitarajie matokeo ya ukubwa uleule. Mwelekeo, lakini, ni huo.

Kijijini kwetu mwelekeo huo husomeka katika daftari la madeni. Siku ya malipo, waliokopa sukari na sabuni huja kulipa. Ni siku njema kwa mwenye duka, nayo ina kishawishi chake. Wapo wanaoshikilia kitambulisho, kadi ya benki au laini ya simu ya mteja kama dhamana hadi ruzuku iingie. Ewe mwenye duka, usifanye hivyo. Nawe mteja, usikubali. Laini na namba ya siri ni mali ya mwenye akaunti, na anayevishika anaweza kutoa fedha zote, si deni lake tu. Deni la dukani lidaiwe kwa daftari lililoandikwa mbele ya pande zote mbili.

Matapeli nao huzijua siku hizo. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauhitaji kuelezwa, ila siku hizi umepata ndugu yake: unaarifiwa kwamba umechaguliwa kupata ruzuku, utume kwanza ada ya usajili. Hakuna ada ya kuandikishwa katika mpango wa TASAF. Ujumbe wa namna hiyo, pamoja na namba iliyoutuma, upeleke kwenda 15040. Kadhalika piga *106# ili uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Hatari nyingine huvaa sura ya msaada. Mkopeshaji akisikia kwamba nyumba fulani hupokea fedha kila baada ya miezi miwili, huja na mkopo wa papo kwa papo, ule ambao wananchi wenyewe wameuita kausha damu. Mkopo wa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi hudai shilingi 60,000 za riba katika miezi miwili, kabla hujagusa deni lenyewe. Ruzuku nzima inaweza kuishia hapo, na droo likafuatia. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji hutakiwa kuwa na leseni. Omba kuiona, na usitie saini mkataba usiotaja jumla ya fedha utakazorejesha.

Ukifika Kariakoo na fedha yako, iwe ya mauzo au ya ruzuku, lipa kwa namba ya biashara yenye jina la duka unalonunua, si kwa namba ya mtu aliyesimama mlangoni. Hesabu mzigo kabla haujafungwa. Dai risiti ya mashine: bila hiyo, ukigundua kijijini kwamba nusu ya betri ni bandia, huna cha kumwonyesha muuzaji wala Tume ya Ushindani. Endapo fedha zimekwenda namba isiyo sahihi au zimekatwa isivyo halali, anza kwa kulalamika kwa kampuni iliyokupa huduma. Usiporidhika na jibu lake, peleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ukiambatisha namba ya muamala, tarehe, kiasi na jibu ulilopewa.